Jino Moja, Milioni Mbili na Laki Nane

Shilingi 2,800,000. Hiyo ndiyo bei niliyoandikiwa na kliniki moja ya Dar es Salaam ili nipandikiziwe jino moja, gego la chini upande wa kushoto. Karatasi ninayo tangu mwezi wa tatu. Ninafundisha hesabu sekondari huku Uyole, Mbeya, kwa hiyo wenzangu ofisini wanaamini kuamua jambo kama hili kwangu ni suala la kujumlisha na kutoa. Hesabu nimezipiga na nitaziweka hapa zote, maana nilipotafuta mtu aliyeandika mambo haya kwa Kiswahili, kwa bei zetu na kwa umbali wetu, nilichopata ni matangazo: mtu anacheka, meno meupe, namba ya simu.

Jino lenyewe lilitibiwa mzizi miaka mingi iliyopita, likazibwa, likaendelea na kazi. Gego lililotibiwa mzizi likakaa bila kuvalishwa kofia, yaani jino la bandia la kulifunika juu, huwa rahisi kupasuka, kwa sababu sehemu kubwa ya ukuta wake imeshaliwa na kuoza na kuchimbwa. Langu lilipasukia kwenye makande. Daktari wangu hapa Mbeya alipiga eksirei, akaniita nisimame pembeni yake, akafuata ule ufa kwa ncha ya kalamu mpaka pale mizizi miwili inapoachana. Jino la namna hiyo haliokolewi. Akaling'oa kwa utulivu, bila kulivunjavunja, na nilipokuwa bado nimeng'ata pamba akaniambia, "Mwalimu, pole sana. Sasa hili pengo usije ukalisahau kwa sababu halionekani ukicheka. Ukitaka kuliziba kwa kupandikiza, mfupa hautakusubiri."

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Mfupa wa taya unaishi kwa ajili ya jino. Jino likitoka, mfupa wa pale unaanza kusinyaa. Katika mwaka wa kwanza upana wake unaweza kupungua kwa karibu nusu, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Anayekuja kupandikiza baada ya miaka kumi mara nyingi huambiwa mfupa hautoshi, aongezewe kwanza, na hiyo ni bei nyingine, upasuaji mwingine na miezi mingine ya kusubiri. Kwa hiyo kukaa kimya nako kuna gharama, hata kama hakuna mtu anayekuandikia risiti.

Njia ya kwanza ni kuliacha pengo lilivyo, kama alivyofanya mama yangu aliye Tukuyu. Nilipomweleza, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, mimi yangu yamebaki ya kuhesabu na mahindi ya kuchoma nakula." Ni kweli anakula. Lakini safari hii nilimwomba afungue kinywa nitazame, na nikaona kile daktari alichokuwa ananieleza. Gego la juu ambalo halina mwenzake chini limeshuka, limeingia pengoni. Jino lililokuwa nyuma ya pengo limelala mbele kama mti uliosukumwa na upepo, na chini yake chakula kinajificha. Mama hutafunia upande mmoja tu, na ule upande nao umechoka. Sikumwambia neno. Nilifunga mazungumzo tukaenda kuchuma parachichi.

Njia ya pili ni jino la kuvaa na kuvua, la plastiki, lenye vikulabu vya kushika meno ya jirani. Hapa Mbeya niliambiwa 90,000. Shemeji yangu analo. Ni mtu wa maana na hana makuu, ila akifika kwenye makande au nyama ya kukaanga analivua analiweka kando ya sahani, halafu analirudisha akimaliza. Nikamuuliza sasa faida yake nini. Akanijibu kwamba lake ni la mbele, analihitaji kwa watu. Kwake jibu limetosha. Langu ni la kusagia, na jino la kusagia linalovuliwa wakati wa kusaga sikuona sababu ya kulinunua.

Njia ya tatu ilinisumbua zaidi, na ndiyo ambayo madaktari wengi wa kwetu wanaifanya vizuri: daraja. Meno mawili yanayopakana na pengo yanachongwa pande zote yawe membamba, halafu vinatengenezwa vipande vitatu vilivyoungana, viwili vinavalishwa kwenye yale yaliyochongwa na cha katikati kinaelea juu ya pengo. Bei niliyopewa ni 300,000 kwa kila kipande, jumla 900,000. Hakuna upasuaji. Wiki mbili tatu, kazi imekwisha, na daktari yuko umbali wa daladala moja kutoka nyumbani kwangu. Mwalimu mwenzangu anayefundisha Kemia aliwekewa na anakula kila kitu. Lakini ya kwake yale ya jirani yalikuwa tayari yameoza na kuzibwa, yangevalishwa kofia tu hata kama pengo lisingekuwepo. Ya kwangu ni mazima. Hayajawahi kuguswa. Enameli, lile gamba gumu la juu ya jino, ikichongwa haioti tena, na baadhi ya meno yanayochongwa hivyo huja kuhitaji kutibiwa mzizi baadaye, au huoza kimyakimya chini ya ukingo wa kofia. Yaani nitoe meno mawili mazima kuwa mdhamini wa moja lililokufa. Kila nikilifikiria hilo nafsi inakataa. Kama jirani zangu wangekuwa wabovu, ningechukua daraja siku hiyohiyo, na ninamshauri yeyote mwenye hali hiyo asione ni njia ya mnyonge.

Ikabaki ya nne. Kupandikiza maana yake ni kuchimba tundu dogo kwenye mfupa wa taya na kuingiza skrubu ya titaniamu badala ya mzizi. Skrubu inaachwa ishikane na mfupa, kwa taya la chini kama miezi mitatu, kwa taya la juu mara nyingi zaidi kwa sababu mfupa wake ni laini. Kisha juu ya skrubu hufungwa kishikizo, na juu ya kishikizo kofia yenye umbo la jino. Vitu vitatu. Ukipewa bei, uliza kama ni ya vyote vitatu. Tangazo moja lililonifikia kwa WhatsApp lilisema 900,000, na nilipopiga simu kuuliza nikaambiwa hiyo ni skrubu tu.

Kwamba mfupa unashikana na titaniamu liligunduliwa bila kutafutwa. Mwaka 1952 mtafiti wa Uswidi, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa anachunguza jinsi damu inavyopita kwenye mifupa ya sungura. Aliwawekea vifaa vidogo vya titaniamu mguuni, na utafiti ulipokwisha akataka kuvitoa avitumie tena. Vikakataa. Mfupa ulikuwa umevikumbatia kabisa. Mwaka 1965 akampandikizia binadamu wa kwanza, Gösta Larsson, aliyezaliwa na kasoro ya taya, na Larsson aliishi na meno yale mpaka alipofariki mwaka 2006. Zaidi ya miaka 40. Habari hiyo ilinitia moyo sana, na ninaitaja kwa sababu ni ya kweli. Ila Larsson alikuwa mgonjwa wa mwenye ugunduzi mwenyewe. Mimi niko Uyole.

Twende kwenye hela.

Hiyo 2,800,000 ni ya skrubu, kishikizo na kofia. Picha ya taya ya pande tatu, ile inayoonesha kina cha mfupa, ni 150,000 na inalipwa pembeni. Kutoka Mbeya mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 800, na kazi inahitaji safari tatu kwa uchache: ya kuwekewa skrubu, ya kupimwa kofia, ya kufungwa kofia. Kila safari nimeiwekea 200,000 kwa nauli, kulala na kula, hiyo ni 600,000. Kisha mume wangu ananiambia nasaga meno usingizini, na daktari aliyatazama magego yangu akasema ni kweli, yamelika juu. Kwa hiyo nitahitaji kinga ya plastiki ya kuvaa usiku, 100,000. Jumla 3,650,000. Bima yangu ya afya ililipia kung'oa. Kupandikiza haimo.

Sasa tuchukue miaka 20. Nina miaka 46, si vibaya kuomba kufika 66 nikiwa na meno. Skrubu ikidumu, kofia juu yake haiwezi kuahidiwa miaka yote hiyo. Nimehesabu kuibadilisha mara moja kwa 600,000 na safari moja ya 200,000. Inakuwa 4,450,000. Daraja nalo, likitunzwa, ni kawaida kukaa miaka 10 hadi 15, kwa hiyo nimelihesabu mara mbili: 1,800,000. Kusafisha meno kila mwaka sikukuweka popote, kwa sababu hilo ninatakiwa kulifanya nikiwa na jino la bandia au bila.

Gawanya kwa miezi 240. Kupandikiza kunakuja kama 18,500 kwa mwezi, daraja 7,500. Tofauti ni 11,000, kilo tatu au nne za mchele wa Kyela. Nilipofika hapo niliinuka mezani nikiwa nimefurahi, nikamwita mume wangu aone. Akatazama, akasema, "Sawa mama, lakini hao Dar watakubali uwalipe kilo nne nne?" Hawakubali. Hela inatoka siku chache, karibu yote, na hela hiyohiyo ni mbolea na mbegu za viazi kwa msimu mzima, na mwezi wa saba kijana wetu anaingia kidato cha tano na orodha ya vifaa tunaijua. Kukopa kwenye kikundi kwa riba ya asilimia 10 nilikukataa mapema. Jino halizalishi. Ng'ombe ningemkopea.

Na tena wastani wa miaka 20 una maana tu kama jambo litadumu miaka 20. Ndiyo maana hatari zilinichukua muda mrefu kuliko bei.

Utasikia kwamba tafiti zinaonesha skrubu zaidi ya 90 kati ya 100 zinakuwa bado zipo baada ya miaka 10. Ni kweli, na ni matokeo mazuri kuliko matibabu mengi tunayoyakubali bila kuuliza. Lakini mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu akiniletea asilimia namuuliza: ya nini, na ya nani? "Ipo" maana yake bado imekaa kwenye taya. Inaweza kuwa ipo na ufizi wake unatoka usaha. Na wanaohesabiwa ni wale waliorudi kupimwa, wengi wao wakiwa wanakaa karibu na waliowapandikizia. Anayeishi mbali na anayerudi akiwa na maumivu tu hafanani sana na hao.

Skrubu inaweza kukataa kushikana tangu mwanzo. Inacheza, inatolewa, mfupa unaachwa upone, unaanza upya. Wavutaji wa sigara hupatwa na hili zaidi, vilevile wenye kisukari kisichodhibitiwa, na wanaotumia baadhi ya dawa za kuimarisha mifupa wanatakiwa waseme kabla ya kuguswa. Sivuti. Kisukari kiko kwenye ukoo wetu, kwa hiyo nilikwenda kupima kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu, kikaja 5.9. Sijawa mgonjwa, ila niko mlangoni. Daktari alisema hiyo haizuii kupandikiza. Alisema pia, bila kuulizwa, kwamba soda ya saa nne pale kantini niachane nayo, jino au si jino.

Hatari iliyoninyima usingizi ni ya mshipa wa fahamu. Ndani ya mfupa wa taya la chini, chini ya mizizi ya magego, unapita mshipa unaokuja kutokea karibu na kidevu na kuupa mdomo wa chini hisia. Kuchimba kukipitiliza, mdomo upande huo unaweza kufa ganzi au kuwashawasha kwa miezi, na kwa wengine haurudi. Mimi nasimama mbele ya watoto 70 kutwa nzima, mdomo ndio jembe langu. Kwa ajili hiyo ndipo ile picha ya pande tatu inalipiwa. Niliipiga nilipokwenda Dar kwenye harusi ya mdogo wangu mwezi wa tatu. Daktari alinigeuzia kioo cha kompyuta. Taya langu limekatwa vipande vipande kama mkate, na kwenye kila kipande kuna duara dogo jeusi, hilo ndilo bomba la mshipa. Akavuta mstari kutoka juu ya mfupa mpaka kwenye duara: milimita 13. Akaweka juu yake mchoro wa skrubu ya milimita 10. Zikabaki tatu. Akaniambia chini ya mbili hagusi, anatafuta skrubu fupi au anaongeza mfupa. Nilimpenda kwa kusema "hagusi". Mtu akitaka kukuchimba taya la chini kwa kutazama ile picha bapa ya eksirei peke yake huku mfupa wako hautoshi vizuri, omba kwanza upigwe ya pande tatu.

Kisha ziko hatari za baadaye, na hizi ndizo ambazo matangazo hayazigusi kabisa. Titaniamu haiozi, wala kofia haiozi. Ufizi na mfupa vinavyoizunguka vinaugua. Utando na ugaga vikikaa pale, ufizi unavimba, unatoka damu ukipiga mswaki, halafu mfupa unaanza kuliwa taratibu, na mara nyingi hakuna maumivu. Ukija kusikia jino linacheza, mfupa ulishakwenda. Dawa kubwa ni mswaki, uzi wa meno, na mtu wa kukusafisha na kukupima ufizi angalau mara moja au mbili kwa mwaka. Halafu jino la asili limeshikwa na mfupa kwa nyuzi laini zinazolifanya libonyee kidogo ukitafuna. Skrubu haina nyuzi hizo. Nguvu yote inashuka moja kwa moja, na kwa mtu anayesaga meno usiku kama mimi, kofia inaweza kubanduka kipande au skrubu ndogo inayoshika kishikizo ikalegea.

Skrubu ndogo ikilegea, nani anaikaza?

Nilimuuliza daktari wangu wa hapa Mbeya swali hilo, naye akanijibu kwa kufungua droo. Akatoa vibisibisi viwili vifupi, urefu wake kama kucha ya kidole gumba. Ncha ya kimoja ina pembe sita, ya kingine ina umbo la nyota. "Hiki ni cha kampuni moja, hiki cha nyingine. Yako ikiwa ya kampuni ya tatu, mwalimu, nitakupa pole tu." Alisema amewahi kuletewa mtu aliyepandikiziwa mbali, kofia inacheza, hana karatasi hata moja, hajui hata jina la alichowekewa. Inawezekana kukisia kwa eksirei, lakini kukaza kwa kukisia kunaweza kuharibu kila kitu, na skrubu ikiendelea kutafuniwa huku imelegea inaweza kukatikia ndani.

Tangu siku ile nikaacha kuuliza bei ni ngapi. Nikaanza kuuliza nani atakuwa nami mwaka wa saba.

Swali hilo ndilo lililonitoa kwenye ofa iliyokuwa nafuu kuliko zote. Kuna mahali hapa hapa mjini ambapo bingwa anakuja kutoka mbali mara chache kwa mwaka, anapandikiza, anaondoka. Bei 2,200,000, hakuna safari. Kwenye karatasi inaishinda Dar kwa zaidi ya milioni ukihesabu nauli. Nilikwenda, nikapokelewa vizuri, nikauliza bingwa atarudi lini. Nikajibiwa watatangaza. Nikauliza nikivimba wiki moja baada ya yeye kuondoka, nimwone nani. Nikapewa namba ya simu ya mapokezi. Sisemi kwamba mtu huyo hajui kazi, huenda anajua kuliko wote. Ila kidonda changu kitakuwa Mbeya na aliyekichimba atakuwa kwingine, bila tarehe. Kama wangekuwa na ratiba ya maandishi na daktari wa kudumu anayefuatilia, ningesajili jina siku ileile.

Unaweza kusema Dar nako ni mbali, na ni kweli, sikatai. Nilichofanya ni kuwaunganisha. Nilimpigia daktari wa Dar nikamweleza kwamba nitakuwa na daktari wangu huku, na kwamba siji kupandikizwa mpaka wawili hao wamezungumza. Wakazungumza. Nilikaa pale nikisikiliza upande mmoja wa simu, maneno mengi sikuyaelewa, nilielewa "sawa, hicho ninacho". Ni kile kibisibisi cha pembe sita. Daktari wa Dar anatumia kampuni ambayo vifaa vyake wa Mbeya anavyo. Nyuzi za kushonea zitatolewa hapa baada ya siku saba hadi kumi, sitapanda basi kwa ajili ya nyuzi. Kusafisha na kupima ufizi ni hapa. Kofia itakuwa ya kufungwa kwa skrubu badala ya kugandishwa kwa simenti, kwa sababu ya skrubu inafunguliwa bila kuvunjwa, na simenti ikibaki chini ya ufizi huwa chanzo cha ule ugonjwa wa mfupa kuliwa. Nimeomba nipewe kadi yenye jina la kampuni, upana na urefu wa skrubu na namba ya toleo lake, na nakala mbili za picha, moja yangu na moja ya faili la Mbeya. Wameandika pia kwamba skrubu isiposhikana ndani ya mwaka wa kwanza, wataweka nyingine bila kuidai bei ya skrubu. Nauli itakuwa juu yangu. Jina la daktari nililihakiki pia kwenye orodha ya Baraza la Madaktari Tanganyika, na hakuna aliyekasirika kwa kuulizwa. Ukiuliza na mtu akakasirika, umeshapata jibu lako.

Kwa hiyo nimeamua: napandikiza, likizo ya mwezi wa sita. Kikundi chetu kinagawana mwishoni mwa mwezi wa tano na fungu langu litabeba sehemu kubwa, iliyobaki nimeiweka kidogo kidogo. Viazi mwaka huu tutalima nusu ya eneo. Hilo limeniuma, na nimelikubali. Nitalala Dar siku tatu baada ya upasuaji, kwa sababu uvimbe hufikia kilele siku ya pili au ya tatu na sitaki unikute kwenye mteremko wa Kitonga usiku. Mwezi wa tisa, miezi mitatu ikiwa imetimia, tutapima kama imeshikana. Ikiwa haijashikana, kofia itasubiri mpaka Desemba, shule zikifungwa. Nimeshamwambia mkuu wa shule.

Nina jambo moja ambalo bado nalitafuta. Wewe uliyepandikiziwa jino miaka mitano au zaidi iliyopita na unaishi huku kwetu, Mbeya, Njombe, Iringa, Songwe, popote nyanda za juu: nani anakuangalia? Unakwenda wapi kusafishwa, na kofia ikilegea umewahi kukaziwa hapa hapa au ulisafiri? Niandikie hapo chini. Namwuliza pia yule ambaye yake ilishindwa, hasa huyo.